Dirisha la Muuza Mikate

Mjane wa muuza mikate alikuwa na siri moja: sura ya mumewe ilikuwa imemtoka. Sauti alikuwa nayo, na jinsi alivyoburuza ndara pia. Uso ndio haukuwepo. Kila akifumba macho amtafute, anapata kofia, na chini ya kofia hamna kitu. Picha yao ya pekee ilikuwa ya harusi, na humo bwana harusi alipiga chafya.

Kwa hiyo kanisa la kijiji lilipoamua kumwekea marehemu dirisha la kumbukumbu, yeye hakuwazia heshima hata kidogo. Aliwaza kwamba atarudishiwa ule uso. Kanisa hilo lina desturi yake: marehemu aliyewafaa watu huchorwa kwenye kioo cha rangi akiwa kazini. Yupo mkunga na beseni lake, yupo mchimba visima, yupo mwalimu wa kwaya aliyeachama kama anayesubiri kijiko cha dawa. Wote wanawatazama waumini, kila Jumapili, hawachoki.

Akaenda kwa fundi wa vioo akisindikizwa na shemeji yake, mdogo wa marehemu. Karakana ilinuka risasi iliyoyeyushwa, ile wanayoungia vipande. Vioo vilisimamishwa ukutani kwa rangi, vyekundu huku, vya buluu kule. Fundi, mwanamke wa makamo asiyependa maneno mengi, alitandaza mezani karatasi yenye ukubwa wa dirisha zima.

"Haya mama, pua yake ilikuwaje?"

"Ya kawaida tu."

"Macho?"

"Mawili," akajibu, na hapohapo akatamani ardhi immeze.

Shemeji akaona amwokoe. "Si unichore mimi tu? Kila mtu husema tulifanana."

Fundi akamtazama, akashika penseli. Mjane akaidaka ile penseli mkononi mwa fundi.

"Hapana! Shemeji, usinielewe vibaya. Nikikutazama wewe pale juu kila Jumapili, yule atafutika moja kwa moja."

Shemeji akanywea. Fundi akachukua penseli yake taratibu.

"Basi mimi siulizi tena," alisema. "Niambie unachokikumbuka."

Ndipo yakamtoka. Miaka yote ya ndoa yao aliipitisha nyuma ya baiskeli, kikapu cha mikate mapajani, mbele yake mgongo wa mume. Alikumbuka mikunjo miwili ya shingo. Alikumbuka sikio la kulia lililochomoza kuliko mwenzake, na kola aliyoigeuza kwa mkono wake ilipochakaa, na jasho lililoanzia katikati ya mabega likishuka. Aliongea mpaka koo likamkauka, na fundi akachora bila kuinua kichwa.

Wazee wa kanisa walipoona mchoro waliwaka. Tangu lini mtu aliyeko ukutani mwa kanisa akawapa waumini mgongo?

"Alikuwa na mikate," mjane akawaambia, "na ilikuwa inapoa."

Mchungaji alicheka mpaka akavua miwani, na jambo likapita.

Jumapili ya uzinduzi pazia likavutwa. Jua la asubuhi likapenya kwenye shati jeupe la muuza mikate, kwenye mikunjo ya shingo, kwenye sikio lililochomoza. Kisha kikongwe mmoja wa viti vya nyuma akapaza sauti, kama alivyofanya kila asubuhi kwa miaka mingi baiskeli ya mikate ilipopita mlangoni kwake: "Wee! Umenipita!"

Kanisa zima likaangua kicheko, wengine huku wakifuta machozi. Ni yeye, walisema, ni yeye mtupu. Mjane peke yake hakucheka. Wenzake wamerudishiwa mtu wao, lakini yeye ule mgongo hakuwahi kuupoteza. Alichokipoteza kilikuwa upande wa pili.

Ibada ilipokwisha hakungoja kupeana mikono na mtu. Alichepuka, akazunguka nyuma ya kanisa, akapita katikati ya majani marefu akiwa na viatu vyake vya Jumapili. Alikuwa mtu mzima na akili zake, alishakaa karakanani akaona kioo ni kioo. Akili ilijua, miguu haikuambiwa.

Chini ya dirisha akamkuta shemeji yake, suruali imejaa mbegu za majani, shingo ameinyoosha juu. Huko nje dirisha lilikuwa jeusi tii, mistari ya risasi tu na vumbi.

"Na wewe?" mjane akauliza.

"Nimekuja kuangalia kama panavuja."

"Mvua iko wapi?"

Shemeji akainamisha kichwa. "Nami nimemsahau, shemeji. Kaka yangu wa damu, nami nimemsahau."

Wakatazamana, watu wazima wawili waliozunguka ukuta kumtafuta mtu kwa mbele, na kicheko kikawapasua. Walicheka mpaka wakashika ukuta. Shemeji alikitupa kichwa nyuma, kinywa wazi.

"Yeye hakucheka hivyo," mjane akasema akihema.

"Alichekaje?"

"Alianza kwa kufumba jicho la kushoto. Mdomo bado umefungwa, anajizuia, halafu shavu hili linapanda, halafu..."

Akaishia hapo. Jicho lilikuwa limekuja, na shavu nyuma yake, na pua, na kidevu chenye unga wa alfajiri. Akamshika shemeji mkono kwa nguvu.

"Usiseme kitu," akanong'ona. "Yupo. Usiseme kitu."