Miguu ya Mwanarehema Ilipoanza Kuruka

Kiti cha magurudumu alicholetewa Mwanarehema kilikuwa cha mwanamume mmoja wa mtaa wa Bofu, marehemu, mtu wa kimo na mwili mkubwa. Mwanarehema alikuwa kakonda tangu ukuta ulipomwangukia ukamvunja uti wa mgongo. Alipoketi aliegemea upande mmoja, na nyayo zake hazikufika kwenye vikanyagio.

Mumewe, Ismail, alikuwa seremala. Akavikomelea vikanyagio vipande vya mbao, kisha akaifunga miguu ya mkewe kwa leso isiteleze. Magoti yakapanda juu, mwili wote ukakalia mfupa wa makalio.

"Umestarehe sasa?" akamuuliza.

"Sijui. Huko chini sisikii kitu."

Basi akawa anaketi hapo tangu asubuhi hadi magharibi, akidarizi kofia zake.

Siku moja miguu ikaruka. Iliruka yenyewe ndani ya leso, ikatetemeka, ikatulia. Ismail alidondosha msumeno.

"Alhamdulillahi! Mwana, miguu inaamka!"

Mwanarehema alilia kwa furaha. Lakini miguu ilizidi kuruka, na jioni akawa anatoka jasho usoni na baridi inamtambaa mgongoni. Ismail akaikaza leso zaidi.

Kisha ikaja harufu. Ismail alidhani ni panya aliyekufa. Alisogeza kabati, akainua majamvi, akafukiza udi. Hakupata kitu. Mwanarehema akaomba asukumwe barazani apate hewa, na harufu ikatoka nao.

Wakatazamana.

Kesho yake Ismail alimwita Dhahabu, mhudumu wa zahanati aliyezoea kuwahudumia watu wa viti vya magurudumu. Dhahabu alipiga hodi, akaingia, akasimama ghafla mlangoni.

"Mlaze kifudifudi," alisema. "Sasa hivi."

Walimfungua leso, wakamlaza, Dhahabu akapandisha dera. Ismail aliona kwenye kalio shimo ambalo yai lingeingia, na ndani yake kitu cheupe. Akageukia ukutani.

"Kuna nini?" Mwanarehema aliuliza. "Mbona kimya?"

"Kidonda, dada yangu. Kimefika mfupani. Ile miguu haikuwa ikiamka, wallahi. Mwili ulikuwa unalia, kwa vile maumivu huyasikii."

Wakamvusha kwa feri hadi hospitali kubwa ng'ambo, kisiwani. Alilala kifudifudi miezi kadhaa, homa ikipanda na kushuka, na mara mbili madaktari walimwita Ismail nje wakazungumza naye kwa sauti ya chini.

Hakufa. Kidonda kilipofunga, Dhahabu alimtafutia kiti chembamba chenye mto mnene wa kukalia, akashusha vikanyagio mpaka mapaja yakalala sawa, akamfundisha kujiinua kwa mikono kila baada ya muda mfupi.

Na kila jioni Mwanarehema hulala kifudifudi, Ismail akammulika ngozi kwa tochi. Huipitia polepole akitafuta alama ya kidonda kipya, naye mkewe hungoja, uso umezama kwenye mto.