Bendera Sitini na Tatu

Hakuna haja ya kumung'unya maneno: siku hiyo mjinga alikuwa Mkia. Mwenyewe hakatai. Kisa hiki kikisimuliwa mbele yake huwahi kucheka kabla ya wenzake, kwa imani kwamba anayejicheka mapema hubakiza kicheko kidogo kwa wengine. Imani hiyo haijawahi kumsaidia.

Jina la Mkia alilipatia kazini. Alikuwa fundi wa msafara wa baiskeli, wale watu wazima wenye akili zao timamu wanaochukua likizo ili wakahemee milimani. Wiki hiyo msafara ulikuwa ukipita kwenye vilima vya volkano, vingine vimetoboka juu kama vyungu, vingine vimemomonyoka vikabaki na nusu mdomo. Kiongozi wao aliitwa Mwalimu, kwa kuwa alifundisha hesabu mpaka akastaafu. Yeye alitangulia alfajiri, akichomeka vibendera vya rangi ya chungwa kila njia panda ili waendeshaji wasipotee. Mkia alikuja nyuma ya wote, na pampu yake, viraka vyake, na kazi mbili: kutengeneza kilichoharibika, na kung'oa bendera akishapita mtu wa mwisho, ili msafara usiache uchafu. Kwenye hiyo kazi ya pili hakuwa na mpinzani. Kwa miaka sita hakuwahi kuacha bendera hata moja, na alihakikisha watu wanalijua hilo.

Basi saa nne asubuhi akafika kwenye kilima kimoja chekundu, mgongo mpana, kimejaa kokoto zenye vitundu kama mkate uliochachuka. Bendera ya Mwalimu ilielekeza kulia. Mkia akaing'oa. Alipoinua kichwa akaona nyingine upande wa kushoto, hatua thelathini kutoka njiani. Na nyingine pembeni yake. Na nyingine. Eneo zima lilikuwa limeota bendera.

Mtu mwingine angejiuliza. Mkia naye alijiuliza. Tatizo ni kwamba alijijibu. Alijijibu kuwa jua limempiga Mwalimu utosini. Kila bendera ilikuwa na namba iliyoandikwa kwa wino, akadhani ni kilomita. Aliiona ya thelathini na moja, na hatua mbili mbele yake ya thelathini na mbili, akasema moyoni, "Leo kilomita zimekuwa fupi, ashukuriwe Mungu." Kulikuwa na hema moja upande wa pili wa kilima, limefungwa zipu, wala hapakuwa na mtu wa kumwuliza. Aling'oa zote, moja moja, kwa uangalifu wa mtu anayechuma mboga za jirani, akazipanga mgongoni kwenye mkoba, akateremka akipiga mluzi.

Mchana, kwenye kituo cha mapumziko, Mwalimu alizihesabu bendera kama alivyozoea kuhesabu madaftari.

"Themanini na mbili," akasema.

"Hakuna iliyobaki," Mkia akajibu, kifua mbele.

"Nilichomeka kumi na tisa."

Mkia akacheka kidogo. Mwalimu hakucheka. Alichukua moja, akaigeuza, akaonyesha namba. "Mimi siandiki namba. Hizi umezitoa wapi, mheshimiwa?"

Kabla Mkia hajapata jibu, simu yake ikalia. Alikuwa shemeji yake, dada mkubwa wa mkewe, mtaalamu wa mambo ya kale. Kwa miaka yote ya ndoa yake Mkia alimfahamu kama mwanamke msomi anayechimba mashimo yasiyopandwa mti wala kutoa maji. Anachimbia wapi, hakuwahi kuuliza.

"Shemeji, habari za safari," mama yule akaanza kwa upole. "Nilishuka kuchota maji. Nimerudi, dereva wa lori la kokoto ananiambia kuna bwana harusi amepita hapa kwa baiskeli, amebeba shada la bendera mgongoni. Nikakufikiria wewe."

Mkia akaitazama bendera iliyokuwa mkononi mwa Mwalimu. "Shemeji, kumbe zile..."

"Rudi," akasema, akakata.

Kurudi kulikuwa kilomita kumi na nne, zote za kupanda. Mteremko alioupigia mluzi asubuhi sasa ulimdai mluzi wake wote. Alifika amelowa, mapaja yanatetemeka, bendera sitini na tatu zimemwinamia mabegani kama mkia wa tausi.

Shemeji yake alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyofunikwa, daftari magotini. Alimtazama toka kofia hadi viatu.

"Karibu. Naona mavuno ni mazuri mwaka huu."

"Shemeji, nisamehe. Nilidhani ni za kwetu."

"Za kwenu huwa zinaonyesha njia ya wapi, katikati ya kilima, zimezunguka kama watu wanaocheza ngoma?"

Mkia akazishusha bendera mgongoni. Aliuliza lile lililokuwa likimla tangu kituoni: zilikuwa zinaonyesha nini?

Mama yule akachukua kijiwe ndani ya kiboksi, akakiweka kiganjani mwa Mkia. Kilikuwa kipande cha kioo cha volkano, cheusi, chenye kung'aa, chepesi kuliko kilivyoonekana. Kila bendera, alimweleza, ilisimama kando ya kijiwe cha namna hiyo, pale pale kilipoangushwa na mtu aliyekitengeneza zamani sana, kabla ya chuma. Kijiwe kikiondolewa mahali pake bila kupimwa kinakuwa kama ukurasa uliochanwa kitabuni: kusomeka kinasomeka, ila hujui kilitanguliwa na nini. Alikuwa amepima vijiwe ishirini na viwili. Arobaini na kimoja alikuwa ameandika sura zake tu daftarini, avipime mchana huo.

"Na kesho saa tatu anakuja mkaguzi," akaendelea. "Mara moja tu, harudi. Mwenye malori ya kokoto anataka kuchimba hapa, kaandika kuwa kilima hiki ni kokoto tupu. Mkaguzi akiviona vitu mahali pake, kilima kinasalimika. Asipoviona, Jumatatu tingatinga linapanda."

Mkia alitazama kilima. Hatua chache tu kutoka pale kokoto zilikuwa nyekundu, kahawia na nyeusi, maelfu kwa maelfu, na matundu ya waya za bendera yalikuwa yameshajifukia yenyewe.

"Sasa tunaanzia wapi?"

"Wewe unaanzia magotini."

Zile ishirini na mbili walizirudisha kwa futi ya kamba na daftari, bila shida. Baada ya hapo futi haikuwa na msaada tena, ikabaki macho. Saa nzima ya kwanza Mkia hakuona kitu. Kila jeusi aliloliinamia lilikuwa kokoto ya kawaida, na kila alipoita, shemeji yake alijibu bila kugeuka, "Hiyo muachie mwenye lori."

Mwishowe akaomba tena kile kijiwe cha kwenye boksi. Alikigeuza polepole, kama anavyogeuza tairi kutafuta mwiba. Upande mmoja kulikuwa na uvimbe mdogo, na kutoka hapo mawimbi yametanda, kama ya maji yaliyotupiwa jiwe. "Hapo ndipo alipogonga," shemeji akasema. Kwenye ukingo kulikuwa na vidonda vidogo vidogo vilivyopangwa mstari. Upande wa pili palikuwa pamelainishwa, na kidole gumba cha Mkia kilipoingia hapo, kikatulia. Akakitoa, akakirudisha. Kikatulia tena.

"Alikuwa na mkono kama wangu," akasema.

"Tunamwombea hakuwa na kichwa kama chako."

Lakini toka hapo macho yake yakafunguka. Aliacha kutafuta weusi, akatafuta ulaini: kokoto zote zina vitundu, kioo hakina. Jua lilipoanza kulala, vijiwe vikaanza kumkonyeza chini kwa chini. Akalaza shavu karibu na ardhi, akaviita kimoja baada ya kingine. Shemeji yake alivilinganisha na maelezo ya daftarini, hiki kirefu chenye ncha, kile kilichovunjika pembe, akampa namba, Mkia akachomeka bendera bila kugusa jiwe. Namba ishirini na saba. Namba arobaini. Namba hamsini na tisa.

Kisha akasimama kunyoosha mgongo, akaona kitu. Bendera hazikuwa zimetapakaa ovyo. Zilikuwa zimejikunja kama mwezi mchanga, nyingi upande wa kulia, chache kushoto, na katikati mahali patupu, upana wa mtu aliyeketi.

"Shemeji, alikaa hapa."

"Nani kakuambia?"

"Sakafu yangu." Akapiga magoti kando ya ule uwazi, asiukanyage. "Pale karakana, jioni nikifagia, vipande vya mpira na vumbi la tupa vinakaa hivi hivi. Vinaanguka pembeni. Chini ya mapaja hakuna kitu, maana mapaja yapo. Na hakuangalia bonde, ingawa bonde ndilo zuri. Alilipa mgongo. Upepo unatoka huko. Ungekuwa fundi usingekubali vumbi la kazi likurudie machoni."

Mama yule alimwacha amalize. Alikuwa amekwishaona ule mwezi mchanga siku nne zilizopita, na hakuona haja ya kumnyang'anya shemeji yake furaha. Habari ya upepo hakuwa ameifikiria. Alilowesha kidole, akakiinua hewani, kisha akafungua daftari akaandika, na Mkia akajifanya hatazami.

"Alikuwa anatengeneza nini, huku juu peke yake?"

"Ndicho ninachotaka kukijua. Kama wataniachia kilima."

Mkia akatazama kokoto pande zote, kisha kile kijiwe. Kuna jambo lilikuwa likimsumbua. "Kioo hiki mbona hakipo kwenye kokoto nyingine? Jana kilitutoboa matairi mawili kule bondeni, penye ule mwamba mweusi wa barabarani. Kilomita kama arobaini kutoka hapa. Hapa juu sijaona mwamba wake hata mmoja."

"Miaka kumi na mbili ya ndoa," shemeji yake akasema, "leo ndiyo umeuliza swali."

Mpaka giza linaingia walikuwa wamerudisha bendera hamsini na nane. Mapambazuko yaliwapa mbili zaidi. Tatu hazikurudi kabisa, na daftarini, mkabala na namba zake, mtaalamu aliandika kwa mwandiko safi: zimepotezwa na shemeji.

Saa tatu mkaguzi alifika. Alikuwa mama mnene wa makamo, mwenye magoti mabovu na maneno machache. Gari lilimshusha chini ya kilima, sehemu iliyobaki akaipanda kwa fimbo, akisimama kila baada ya hatua kumi kama mtu anayevutiwa na mandhari. Mwenye malori alimtangulia, viatu vinang'aa, anazungumza tangu bado yuko mbali.

Mkaguzi alizunguka bendera zote. Aliinama pale alipoweza, na pale magoti yalipokataa alimwomba Mkia amsomee anachokiona. Mkia akamsomea: uvimbe, mawimbi, vidonda vya ukingoni. Hakutia chumvi, kwa mara ya kwanza maishani hakuona sababu.

"Mheshimiwa, haya ni mawe," mwenye malori akasema. "Mlima ulitapika moto, mawe yakapasuka. Wasomi wakiona jiwe limepasuka wanaleta bendera."

"Mlima huu haukutapika kioo," mtaalamu akamjibu. "Chukua kokoto yoyote uangalie. Mwamba wa kioo uko kule bondeni, na kwa mwendo huu wote kioo hiki kililetwa na mtu."

"Mtu, mtu. Umemwona wewe huyo mtu?"

"Nimeona alipokaa," Mkia akachomekea.

"Wewe ndiye uliyeng'oa bendera jana, dereva wangu kaniambia. Leo umekuwa shahidi?" Mwenye malori akamgeukia mkaguzi, akashusha sauti ikawa ya kirafiki. "Mama, tusipotezeane muda. Dunia ina mvua. Maji hubeba mawe kila siku. Yaliyabeba kutoka bondeni, yakayaleta hapa, basi. Yalifika yenyewe."

Mkaguzi alikuwa ameegemea fimbo, jasho limemjaa mdomoni, bado pumzi haijamrudia. Alitazama bonde lililokuwa chini kabisa, akatazama njia aliyopandia, kisha akamtazama bwana yule.

"Mimi nina miguu miwili na fimbo," akasema, "na gari limenileta nusu ya njia, na bado nimefika nikihema. Hebu nieleze, hilo jiwe lako lilipandaje?"