Jumamosi ya Kujifunza Kujisifu

Simu ililia Ijumaa mchana kwenye meza ya Flaviana, katika bohari la Landover, huko ughaibuni, akiwa bado anatafuna. Mwanamke wa kampuni ya Gaithersburg aliongea kwa upole. Wamempa kazi, alisema. Kazi ya kuingiza takwimu kwenye kompyuta.

"Na ile ya kurekebisha programu niliyoomba?"

"Mkuu wetu alipokuuliza kwenye usaili kama unaiweza, ulimjibu unajua kidogo. Yeye anatafuta mtu anayejua sana." Mwanamke alisita. "Kama unaona hamkuelewana, njoo Jumanne saa tatu asubuhi uongee naye tena."

Kidogo. Alilisema neno hilo kwa Kiingereza, lakini adabu yake ilikuwa ya kwao Songea, ambako mtu akikusifia chakula unamwambia chumvi haikukolea, na ukiwa wa kwanza darasani unasema maswali yalikuwa mepesi. Chuo kilichompa stashahada ya kompyuta pale Dar es Salaam hakikuwa na somo la kujitangaza.

Ukweli ni kwamba bohari lilimwita karani, na programu yao ya kuhesabu mizigo ilikuwa ikizimika kila wiki mpaka yeye alipoibomoa na kuiandika upya. Sasa ulikuwa mwaka 1998, na Gaithersburg walitafuta watu wa kurekebisha kompyuta za hospitali, ili ikifika 2000 mashine, zinazoandika mwaka kwa tarakimu mbili tu, zisije zikadhani zimerudi 1900. Kazi hiyo ndiyo aliyoisomea. Akichukua ile nyingine atakuwa amehama kiti tu, kutoka ukarani wa Landover kwenda ukarani wa Gaithersburg.

Jioni alimweleza Domina, mwenzake wa chumba, binti wa Bukoba aliyefanya kazi benki.

"Kidogo?" Domina alisimama katikati ya sebule, taulo kichwani. "Flaviana, kidogo? Mimi nikiulizwa kama najua kuogelea, nasema Ziwa Viktoria linanijua kwa jina!"

"Kwani unajua kuogelea?"

"Hapana. Kwani wameshanitumbukiza majini?"

"Nyie Wahaya hamna aibu."

"Hatuna, na kazi tunapata. Kesho tunakwenda kwa Jerotich. Utafundishwa kujisifu mbele ya mashahidi."

Jerotich alikuwa muuguzi kutoka Eldoret, mkubwa wao kidogo kwa umri, mwenye nyumba yake Bowie na uwanja wa nyuma ambako mumewe, Kiplagat, alichoma nyama kila Jumamosi kiangazi kizima. Kabla hata hawajakaa, Domina alikwisha kutoa habari yote.

"Wacha bana!" Kiplagat alisema. Alivuta kiti karibu na jiko, akashika koleo la nyama kama kalamu. "Kaa hapo. Mimi ndiye mkubwa wa Gaithersburg. Madam, unajua kompyuta?"

"Najitahidi."

"Umefutwa! Mwingine aingie!"

"Hajaajiriwa, utamfutaje?" Jerotich alimrushia kitambaa. "Aki Flaviana, mimi kwa intavyu ya hospitali waliniuliza kama naweza zamu ya usiku. Nikawaambia usiku ndiyo akili yangu huamka. Niliposema hivyo nilikuwa nimezuia miayo, machozi yananitoka."

Domina alimtungia sentensi, Flaviana akaikariri: yeye ni mtaalamu wa kompyuta ambaye hawajapata kumwona mfano wake. Aliisema akitazama majani.

Kiplagat alitikisa kichwa. "Hapana. Hiyo ni sauti ya mtu anasoma tangazo la kifo."

"Siwezi, shemeji. Naona kama naongopa."

"Basi kula," Jerotich alisema. "Labda ni njaa."

Walikula mbavu kwa kachumbari na ugali, kisha Domina akatoa karata. Mchezo ulikuwa wa wawili kwa wawili, Flaviana na Kiplagat upande mmoja, Domina na Jerotich upande wa pili. Flaviana alivua viatu, akakunja miguu juu ya kiti. Waliposhinda mizunguko mitatu ya kwanza mdomo ulimfunguka.

"Domina, acha kujifanya unafikiri. Turufu zimekuishia. Una shupaza moja tu, tena kadogo. Itoe tukapumzike."

Domina aliitoa. Ilikuwa shupaza, na ilikuwa ndogo.

"Haya! Dada Jerotich, rudi zamu ya hospitali, huku kumekushinda. Wagonjwa wanakungoja na mimi ndiye niliyewalaza!" Flaviana alipiga karata mezani hadi soda zikaruka. "Nani mwingine? Leteni na jirani! Leteni na mbwa wa jirani!"

Jerotich alilaza karata zake mezani. "Ngojeni kwanza. Huyu ni nani?"

"Huyu yupi?"

"Huyu anayenitukana kwangu, juu ya nyama yangu."

Kiplagat alikuwa ameinama kwa kicheko. "Huyo! Huyo ndiye aende Jumanne!"

"Haya ni mengine," Flaviana alisema, akiona haya ghafla. "Hapa sijisifu. Nimehesabu zilizotoka, kwa hiyo najua zilizobaki. Nasema kilichopo."

Domina alimtazama. Safari hii hakuwa na mzaha. "Na ile programu ya bohari, haipo?"

"Ipo."

"Nani aliiandika?"

"Tulisaidiana na..."

"Na nani?" Jerotich alidakia. "Mtaje. Tumpigie simu, aje ale nyama."

Flaviana alifungua mdomo, akatafuta jina. Bosi wake alikuwa amemletea kahawa mara moja. Fundi wa umeme alikuwa amemsogezea meza. Hakukuwa na mwingine.

"Mimi," alisema.

"Uliifanyaje?"

Akawaeleza. Aliwaambia jinsi mzigo uliorudishwa ulivyohesabiwa kama mzigo mpya, jinsi alivyoufuata mmoja kutoka mlangoni mpaka ndani ya programu, na jinsi alivyogundua kwamba kosa halikuwa mahali ambapo kila mtu alipachika kiraka. Alichora mezani kwa kidole na mafuta ya mbavu. Makaa yalififia na Kiplagat hakuinuka kuyachochea.

Alipomaliza, Jerotich alishusha pumzi. "Sijaelewa hata nusu. Lakini ningekuandika kazi."

"Mimi nimeelewa yote," Domina alisema, wakamzomea.

Jumanne Domina aliomba ruhusa benki, akampeleka kwa gari lake. Barabara ya 270 ilikuwa imejaa hadi Rockville, na Domina aliwatukana madereva kwa Kihaya, lugha aliyoiona inafaa zaidi.

Mkuu aliitwa Peterson, mzee mrefu mwenye shati la mikono mifupi. Hakupoteza muda. "Lugha hii ya programu unaijua kwa kiasi gani?"

Lile neno likaja lenyewe, kama mkono unavyokwenda mdomoni ukipiga mwayo. Flaviana alilisikia likifika kwenye ulimi. Akalimeza.

"Naijua vizuri. Programu ya bohari letu niliiandika upya mimi."

"Wewe na timu yako?"

"Hakukuwa na timu."

Peterson aliegemea mbele. Alimuuliza, naye akajibu, jambo baada ya jambo. Alipomtajia aina ya mashine kubwa inayotumika kwenye hospitali moja, Flaviana alisema, "Hiyo sijaigusa. Nitahitaji muda," na sauti haikubadilika. Peterson alimwekea mbele kurasa za programu, akatoka. Aliporudi alikuta Flaviana ameweka alama kila mahali mwaka ulipokatwa ukabaki tarakimu mbili, na penseli imelazwa kando.

Alizisoma alama zake akiwa amesimama. "Kwa nini hukuniambia haya siku ile?"

"Siku ile nilikuwa na adabu," Flaviana alisema.

Peterson hakuelewa, lakini alicheka. Kutakuwa na miezi mitatu ya majaribio, alisema. Kazi ni ile aliyoiomba. Flaviana alimshika mkono kwa mikono yake miwili, na hilo hakuliona kosa.

Kwenye ukumbi wa chini palikuwa na simu ya umma. Hakungoja kufika nyumbani. Alitoa kadi ya simu, akabonyeza namba ndefu, akasikia mlio wa mbali, kisha sauti ya mama yake, jioni ya Songea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini? Leo si Jumapili."

"Nimepata kazi nyingine."

"Tumshukuru Mungu! Kazi gani?"

"Ya ofisini tu, mama, ya kawaida..." Akaacha. Nje, kupitia kioo, Domina alikuwa ameegemea gari, mikono miwili hewani, akiuliza kwa ishara. "Hapana, mama. Ngoja nianze upya. Hospitali kubwa za huku zina mashine ambazo zitachanganyikiwa mwaka 2000. Zinatafuta watu wanaojua kuzirekebisha. Mimi najua. Nimepimwa leo, nimeweza."

Upande wa pili alisikia kiti kikisukumwa.

"Mama?"

"Usiendelee," mama yake alisema. "Nyamaza hapo hapo. Nimwite baba yako asikie kutoka mwanzo."