Nyumba Iliyokaa Eda

Nyumba ya Bi Mwatima pale Chake Chake ilijengwa kwa mawe na chokaa na babu wa marehemu mumewe, na chini yake mna ghala lililozama nusu ardhini. Miaka ya karibuni ghala hilo lilikuwa likitoka jasho. Kuta zililowa, karafuu zikaota ukungu, unyevu ukapanda hadi vyumba vya juu, bibi wa watu akawa hana usiku hana mchana kwa kukohoa.

Mwanawe Hamad, mkaidi kama mama aliyemzaa, akakata shauri: baada ya Idi angekuja na gari la ng'ombe kumhamishia Mtambile. Bi Mwatima aliumia sana. Nyumba ile aliingia bibi harusi, humo akazaa, humo akafiwa.

"Nyumba hino sihami! N'tatoka kwa jeneza," alisema, kikohozi kikamkata kauli.

Akamwita Himid, fundi mwashi. Himid akashuka na taa, akawa anagonga kuta kwa mpini wa nyundo. Karibu na boriti pakalia kama pana uwazi ndani. Akabandua chokaa, yakamdondokea makumbi ya nazi.

"Bi Mwatima, nani kaziba matundu yano ya hewa?"

Bi Mwatima akaduwaa, kisha akaangua kicheko. Alipofiwa alikaa eda humo ghalani, maana vyumba vya juu vinatazamana na barabara. Mashoga zake, kwa bidii ya kumsitiri asichunguliwe na mwanamme, wakaziba kila penye mwanga kwa makumbi, wakapaka chokaa juu. Eda ikaisha, akaoga, akatoka, watu wakala pilau. Matundu hakuna aliyeyakumbuka. Lawama wakayatupia mawe.

"Miye n'lishatoka eda zamani, mwanangu," akasema. "Nyumba ndo kwanza inatoka."

Himid akayazibua, akatoboa na mengine chini, upande wa pili, akayatia waya wa kuzuia panya. Upepo ukawa unaingia huku unatokea kule. Kuta zikakauka taratibu, na kikohozi nacho kikalegea.

Idi ilipopita, Hamad akaja na gari, akashuka ghalani kutoa masanduku ya mama yake. Akakawia huko. Bi Mwatima alisimama ngazini akitega sikio, kwani mwanawe akishakusudia jambo hashikiki.

Hamad akapanda, akampita mamaake, akamwendea mwenye gari.

"Rudi Mtambile ukanichukulie magunia yangu ya karafuu. Kwangu yanaoza. Yaje yakae hapa kwa mama."

Bi Mwatima alifurahi hata akasahau kumkaribisha chai.