Gego la Mwisho Lajibu Posa

Jana nililala na shavu lililoumuka kama andazi, na usingizini niliota gego langu la mwisho limekuja nyumbani kwa miguu yake.

Daktari Mlinga alikuwa ameling'oa asubuhi. Watu huliita jino la busara, jina ambalo sikuwahi kulitilia maanani. Aliponipa pamba ya kung'ata alisema, "Usiteme. Usinywe cha moto. Na ulimi usiende kwenye pengo."

Katika ndoto ni mchana, na ndiyo siku ya kujibu posa. Baba alishafariki, kwa hiyo mwenye kujibu ni mimi. Wajomba wanamtaka Bwana Singano, mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Mdogo wangu Hidaya hamtaki. Anataka kumaliza chuo cha uuguzi kwanza. Amenishika mkono.

"Kaka, leo utasema, siyo?"

Nafungua kinywa.

"Umeambiwa usiteme," inasema pamba.

Nalalamika puani kwamba sitemi mate, nataka kusema neno moja tu.

"Hata maneno hutemwa," inasema, na kujikaza zaidi kati ya meno.

Mshenga, Mzee Kombo, anapiga hodi. Mama anamkaribisha sebuleni, lakini sebule imeshakuwa fizi yangu: kuta nyekundu, sakafu inateleza. Mama anatandika mkeka kwenye pengo. Mzee Kombo anavua viatu, anakaa, ananusa.

"Hapa pananukia karafuu," anasema kwa heshima.

"Ni dawa," Mama anajibu.

Birika la kahawa linaingia, linaniona, linasimama. "Samahanini, mimi ni cha moto," linasema, na kwenda kusubiri uani.

Naukonyeza ulimi wangu ujibu badala yangu.

"Mimi sina mfupa," unasema. "Nitasimamaje mbele ya mshenga? Halafu nimekatazwa kufika pengoni."

Wajomba wanakohoa. Mzee Kombo anatikisa kichwa taratibu. "Basi ukimya ni ridhaa. Tumekubaliwa."

Hidaya anauachia mkono wangu. Naumia kuliko nilivyoumia kwa sindano.

Hapo ndipo gego linapoingia. Limevaa kanzu na linachechemea, maana mzizi mmoja ulivunjika kwenye koleo. Wajomba wote wanasimama. Mimi hawajawahi kunisimamia.

"Asalaamu alaikum," linasema. "Busara ya nyumba hii ni mimi. Huyu tangu asubuhi hana."

Wanaitikia salamu. Hakuna anayebisha.

"Bwana Singano ni mtu mwema, lakini binti hajaridhia. Mimi niliota mahali pasipo na nafasi, nikaumiza kinywa kizima. Msimpeleke binti huko."

Mzee Kombo anawaza. "Na wewe ni nani wao?"

"Huyu kaka yake nimekaa naye kinywa kimoja miaka mingi."

Wajomba wanaafikiana kwamba huo ni undugu wa kutosha.

Nimefurahi mpaka machozi. Nalionyesha gego pengo langu, lirudi, tuishi kama zamani. Linamtazama Mzee Kombo aliyeketi pale na mkeka wake.

"Pamekaliwa," linasema.

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshaingia dirishani, na mto ulikuwa na doa la damu. Leo ndiyo siku yenyewe, na mshenga alikuwa aje adhuhuri. Hidaya alisimama mlangoni na bakuli la uji uliopoa. Nikaitoa pamba kinywani ili nimwambie kwamba nitakataa, wajomba wapende wasipende.

"Usiseme, Kaka, utaumia," alisema. "Mzee Kombo amepiga simu. Hawaji tena. Anasema jibu letu wamelielewa na hawana kinyongo."

"Jibu gani?" nikauliza, japo lilitoka kama "jimu ani".

"Hata mimi sijui. Mama naye hajui." Akaniwekea kijiko mkononi. "Ila Mzee Kombo anampa pole yule mzee wetu mfupi. Anauliza mguu unaendeleaje."