Ufunguo Shingoni mwa Were

Katika hanga letu hapa uwanja wa ndege wa Wilson kuna sheria ambayo haijaandikwa popote: anayegusa propela huvaa ufunguo wa ndege shingoni. Ukiwa kwake, hakuna mtu wa kuiwasha huku mikono yake iko pale mbele. Mzee Were, fundi wetu, huufunga kwa kamba ya kiatu. Ndiyo maana nilipomwona anauvua na kumpa Kapteni Ochola, niliacha kufuta kioo.

Ndege yenyewe ni ya viti vinne, kuukuu, imenizidi umri mbali sana. Tangu asubuhi ilikuwa imekataa. Ochola akizungusha ufunguo, inalia tak, propela inajitikisa kidogo kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu, kisha inalala tena. Were aliweka betri mpya. Tak. Akafungua stata, ile mota ya kuwashia injini, akaijaribu mezani, ikazunguka vizuri kabisa. Akairudisha. Tak.

Mwenye ndege, Nyakio, alikuwa akipiga simu kutoka Kitisuru. Baba yake alikuwa mgonjwa Kilgoris, akingoja kuletwa hospitali. Na mawingu yalikuwa yameshaanza kukalia milima ya Ngong.

"Ngong ikifunga hatuendi," Ochola alisema kutoka kitini. "Mzee, zungusha na mkono. Mara moja tu. Si ni kama jenereta?"

"Jenereta haikati mtu."

"Kwani unaogopa?"

"Naogopa. Lakini huyo mzee wa Kilgoris pia anaogopa."

Hapo ndipo alipouvua ufunguo.

Nilimfikiria Lenox. Alikuwa fundi hapa hapa. Siku moja alizungusha propela kwa mkono, injini ikawaka kabla hajarudi nyuma. Siku hizi ana kibanda cha nyama choma Kenyatta Market. Nyama inakatwa na mtu mwingine. Yeye anasalimia wateja, kwa mkono wa kushoto.

"Kavindu," Were aliniita, "weka magogo kwa magurudumu, halafu uende kule nyuma kabisa."

Niliyaweka polepole. La kwanza nikaliweka, nikalitoa, nikaliweka tena. Nilipoinama kwenye gurudumu la mbele nikasikia harufu ya plastiki iliyoungua.

"Huyu dada anapanga magogo ama anapanga harusi?" Ochola akauliza.

Juu yangu Were alikuwa akijifuta viganja kwenye ovaroli, mara ya pili, mara ya tatu. Kisha akainua mikono kuelekea propela.

"Fundi," nikasema, "kuna kitu inanuka kuungua hapa chini."

"Ni stata imepata joto. Toka hapo, mama."

"Na Kapteni amekuwa akipuliza vidole. Kila akiwasha, anavipuliza."

Mikono ya Were ikabaki hewani.

"Ochola," akasema bila kugeuka, "umechomwa na nini?"

"Si hii kijiti ya kuongeza mafuta. Ndege imekasirika mpaka inachoma watu."

"Leta ufunguo."

"Mzee, Ngong inafunga."

"Leta ufunguo, Ochola."

Akauvaa. Akafungua kifuniko cha injini, akagusa kebo ya chuma inayotoka kwenye kile kijiti, akaurudisha mkono haraka. Ganda la kebo lilikuwa limeanza kuyeyuka.

"Hii si njia ya umeme," akasema. "Umeme unatoka kwa betri kwenda stata, halafu lazima urudi nyumbani. Ukifungiwa mlango unapita dirishani. Hii kebo ndiyo dirisha."

Mlango ulikuwa ukanda wa waya uliosukwa, unaounganisha injini na mwili wa ndege. Kwa macho ulikuwa mzima, hata boliti zilikuwa zimekazwa. Were akazifungua, akaukunja ukanda pembeni. Chini yake kulikuwa na rangi ya kijivu, safi, inang'aa.

Sote tulijua rangi hiyo ni ya nani. Were alikulia Budalang'i, kwenye maji na kutu, na chuma kisichopakwa rangi humuuma kama jino. Tulipofanya usafi wa injini alikuwa amepita na brashi yake kila mahali, hata pale ukanda unapopaswa kushika chuma kitupu ili umeme upite.

"Nyinyi watu wa Budalang'i," Ochola akasema, "mamba akilala mtampaka rangi."

"Nipe msasa, Kavindu."

Alisugua mpaka chuma kikawa cheupe. Akabadilisha ile kebo pia, ingawa Ochola alikuwa akitazama Ngong na saa yake na Ngong tena. Alipokaza boliti ya mwisho akasogea mpaka kwenye bawa, akauvua ufunguo, akampa Ochola.

Propela ilizunguka mara mbili, injini ikanguruma. Nikaondoa magogo. Ndege ikapita juu ya Lang'ata ikielekea mwanya mdogo wa bluu uliobaki kati ya mawingu.

Were alisimama akijitazama mikono, kwanza huu, kisha ule.

"Yale magogo," akasema, "mbona ulichelewa nayo vile?"

"Yalikuwa mazito."

Akaliinua moja kwa vidole viwili, akalipima, akaliweka chini. Kisha akaenda kwenye kabati, akarudi na kopo la rangi ya kijivu na brashi yake, akaniwekea mkononi.

"Ficha hii," akasema. "Hata nikikuuliza, usinionyeshe."