Saini ya Mganga Mkuu

Mume wangu Alute ana goti bovu na kiburi kizima. Mkokoteni ulimwangukia miaka tisa iliyopita, mfupa ukaunga vibaya, lakini ole wako umwite kiwete! Hapa Ihanja kuna mtu alishafukuzwa kwa jembe kwa sababu ya neno hilo.

Sasa binti yetu Witness kachaguliwa kusomea uuguzi chuo kikuu. Masharti ya mkopo wa serikali yanasema mwenye mzazi mlemavu anafikiriwa, ila mganga mkuu wa wilaya athibitishe kwa saini na mhuri. Ilibaki siku moja tu maombi yafungwe. Bila mkopo, chuo angekisikia redioni tu.

Tukaenda hospitali watatu. Bwana kavaa suti ya harusi, akaingia kwa daktari, huyo mganga mkuu, amejikakamua kama askari wa gwaride.

"Shikamoo mzee. Mguu unasumbua?"

"Marahaba. Hausumbui."

"Unatembea bila shida?"

"Mpaka mnadani na kurudi! Na alizeti nalima ekari tatu."

Daktari akaweka kalamu chini. "Basi mzee, siwezi kusaini. Fomu hii ni ya wenye ulemavu."

Jamani! Nilitamani kumzaba kibao. "Baba Witness, sifa zitakuua! Mwonyeshe mguu!"

Yeye akanyoosha koti tu. Witness akaanza kukusanya karatasi zake. "Twende, mama. Baba asilazimishwe. Nitaomba mwakani." Machozi yalikuwa yanamtoka.

Alute akamtazama mwanawe. Kisha akaketi, akakunja suruali mpaka juu ya goti. Mimi mkewe naukanda mguu ule kila jioni, lakini Witness alikuwa hajawahi kuuona. Akaziba mdomo.

"Andika mlemavu," Alute alisema. "Nikitoka shamba natambaa kuingia ndani. Andika yote."

Daktari akaandika, akasaini, akagonga mhuri.

Nje, kwenye benchi la wagonjwa, alikuwepo jirani yetu Emilian, mtu asiyejua kufunga mdomo. "Alute! Kulikoni, mbona unachechemea?"

Nikasema moyoni, leo kuna kesi. Alute akamwegemea Witness begani, watu wote wanaona. Nilimwonea fahari mume wangu.

"Mimi mlemavu, Emilian," akasema kwa sauti iliyofika mpaka dirisha la dawa. "Mganga mkuu kasaini. Na huyu hapa binti yangu, anaenda chuo kikuu."